Upawa wa Nyumba ya Kumi na Tisa

Asubuhi ya kijiji kile ilianza kwa kuhesabiwa. Askari alipita mstari kwa mstari na karatasi yake. Nyumba ya kwanza, watu wanne. Nyumba ya pili, watu sita. Akimaliza, lango lilifunguliwa. Wanawake walitoka kwa makundi kwenda mashambani, na adhuhuri walitakiwa wawe wamerudi.

Ulikuwa mwaka wa saba wa vita vya ukombozi. Serikali ya Wareno iliogopa kwamba wanavijiji wanawapa wapiganaji chakula, basi iliwahamisha. Watu wa upande wa Quionga walikuwa wamezoea kuishi kila mmoja kwenye minazi yake. Sasa waliwekwa pamoja ndani ya uzio wa waya. Wareno walikiita kijiji hicho aldeamento. Wenyeji walikiita Mistarini, maana nyumba zake zilipangwa mistari iliyonyooka. Aliyefika wa kwanza alipewa nyumba ya kwanza. Aliyefika wa pili alipewa ya pili. Hakuna aliyeuliza nani ni dada wa nani.

Nyumba ya kumi na tisa walikaa watu watatu. Bibi Mwanaamina ndiye alikuwa mkubwa. Mwanvua alikuwa mke wa mwanawe. Biubwa alikuwa binti wa Mwanvua, mwenye miaka mitatu, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza kuku wa majirani. Baba yake Biubwa, Saburi, alikuwa amevuka mto Ruvuma kwenda Mtwara kuuza nguo na kununua chumvi. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Vita vikafunga njia, na sasa mwaka wa pili ulikuwa unakwisha. Barua hakuna, salamu hakuna.

Zamani Mwanvua alikuwa mwanamke wa kicheko. Kila asubuhi alisaga msiro, ule unga mweupe wa mti, akajipaka usoni mpaka uso ukang'aa. Halafu alikuwa na ulimi, nyie! Ukimtania neno moja, alikurudishia manne. Wapo watu waliozunguka njia ya mbali ili wasipite mlangoni kwake.

Mistarini ulimi ule ulinyamaza. Mwanvua hakusaga msiro tena. Usiku hakulala, na mchana hakuamka. Chakula alikigusa tu. Ndege ya vita ikipita angani, mikono yake ilitetemeka mpaka jioni. Biubwa alipomletea unyoya wa kuku, aliupokea bila kuutazama.

Bibi Mwanaamina alimpenda mkwewe, na alifanya alichoona ni huruma.

"Pumzika, mwanangu," alisema. "Nipe huo mchi, nitatwanga mimi."

Kesho yake akamnyang'anya ndoo ya maji. Keshokutwa akawakataza majirani wasije kumsumbua. Walioulizia waliambiwa, "Mwanvua ana homa." Wanawake waliokwenda kupiga makumbi ya nazi walipita kimya, ili mgonjwa asisikie kelele. Kila mtu alikuwa mwema kwake. Mwanvua akabaki na mkeka na ukuta, na hali yake ikazidi kuwa mbaya.

Ndipo akaja Abacar, kaka yake Saburi, kutoka Olumbi. Alikuwa mtu mzuri ila mwenye haraka. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mtoto aliyejaa vumbi.

"Mama, hii haifai," alisema. "Mtoto anakua kama mbuzi. Mwezi ujao nitakuja na guia, nimchukue Biubwa akakae na mke wangu."

Guia ilikuwa karatasi ya ruhusa ya safari. Bila karatasi hiyo hukupita barabarani.

"Mpaka lini?" aliuliza Bibi Mwanaamina.

"Mpaka mama yake apone. Akipona."

Mwanvua aliyasikia yote akiwa ndani. Alimvuta Biubwa mkekani, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka mtoto akalala.

*

Wiki ile ile mtu aliingia nyumba ya kumi na tisa bila kupiga hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye chale usoni na msalaba mdogo shingoni. Aliitwa Palmira. Alikuwa Mmakonde wa bara, aliyeletwa Mistarini siku chache tu zilizopita. Kabla ya vita alifanya kazi miaka kumi na miwili katika hospitali ya misheni, akiwasaidia wauguzi.

Palmira aliangalia huku na huku. Akauona upawa umetundikwa ukutani. Akauchukua, akauchomeka kiunoni.

"Nyie watu wa pwani!" alisema kwa sauti kubwa. "Nyumba yenu inanuka papa mpaka langoni. Upawa huu ni faini yenu."

Msomaji, usidhani huyu alikuwa mwizi. Watu wa pwani ile walikuwa watani na Wamakonde wa bara tangu zama za mababu. Mtani haombi ruhusa. Anaingia, anachukua, anatukana, na mwenye nyumba haruhusiwi kukasirika. Anaruhusiwa kitu kimoja tu, kujibu. Tena ajibu kwa kali zaidi.

Palmira alisimama akingoja jibu lake. Mwanvua aligeuza macho kutoka ukutani.

"Haya," alisema. "Chukua." Akaugeukia ukuta tena.

Palmira aliacha kutabasamu. Alitoka polepole, akamkuta Bibi Mwanaamina nje anachambua mchele.

"Samahani, mtani," Bibi Mwanaamina alisema haraka. "Mwenzako ana homa."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Homa ya miezi minne! Kwenu kila kitu kingi, hata homa!" Halafu Palmira akachutama karibu naye, akapunguza sauti. "Mtani, niambie kweli. Mtu wa pwani anatukanwa na Mmakonde, asijibu? Huyo haumwi homa."

Bibi Mwanaamina aliacha mchele. Machozi yalimtoka. Alikuwa ameyabana siku nyingi.

"Ni jini," alinong'ona. "Siku ya kuhama tulipita kwenye mikoko wakati wa magharibi. Limempanda hapo. Mwalimu Ibraimo wa msikitini amemwandikia kombe la aya za Kurani, amelinywa, amepata usingizi siku mbili, basi."

"Dua ni nzuri, aendelee nayo. Na posto ya afya je, mmekwenda?"

"Tulikwenda. Yule muuguzi, enfermeiro, hajui Kiswahili, na mimi Kireno najua maneno matano. Nikamwambia coração, moyo unamuuma. Akaweka ile mashine yake ya kusikilizia kifuani. Akasema moyo mzima kabisa, unapiga kama ngoma. Tukarudi."

Palmira alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Ulimwambia moyo, naye akasikiliza moyo! Yule enfermeiro Cosme ni mtu wa mbali, Zambézia. Atajuaje kwamba huku kwetu moyo ndiyo huzuni, ndiyo hofu, ndiyo mawazo?"

Bibi Mwanaamina naye alicheka kidogo, akipangusa macho kwa ncha ya kapulana aliyojifunga. "Kumbe nilimdanganya mganga."

"Hukumdanganya. Hukummalizia. Kesho njoo nyumbani kwangu, namba arobaini na moja, ile iliyokuwa tupu. Nitakuonyesha hilo jini lako."

*

Kesho yake Palmira alitoa kapu, akamwaga vitu vyake mkekani. Kulikuwa na upawa, sindano ya kushonea nyavu, kawa la kufunikia chakula na kata ya kuchotea maji.

"Tangu nifike hapa nimeingia nyumba thelathini," alisema. "Nimetukana watu thelathini. Koo linaniuma. Kila nyumba nilichukua kitu. Waliojibu niliwarudishia palepale. Hivi vinne ni vya watu walionitazama tu wakasema, haya, chukua."

"Watu wanne!"

"Wanne katika thelathini. Sasa wewe unawajua, mimi ni mgeni. Sindano hii ya nani?"

"Ya Rajabo. Alikuwa mvuvi. Wareno wamezuia mitumbwi, hana kazi. Siku hizi anakunywa uraka, pombe ya mabibo, na kugombana na kila mtu. Tunasema ana kiburi."

"Analala?"

"Halali. Kila siku analalamika mgongo."

"Kata hii?"

"Ya Chamima. Mume alimwacha. Ana watoto watano na shamba lake limebaki nje ya waya. Mara nyingi analala na njaa."

"Na upawa ni wa mkweo. Hajui mumewe yu hai au amekufa. Ametolewa kwake, minazi yake hana. Shoga zake wako wapi?"

"Shoga yake ni Atija, tangu utotoni. Amewekwa namba hamsini na mbili, mstari wa mwisho kule."

"Atija! Yule nilimtukana mara moja, akanirudishia mara tatu. Aliniita pipa. Mume wake yuko wapi?"

"Naye yuko ng'ambo, alivuka pamoja na Saburi."

"Basi tazama hapo, mtani. Wanawake wawili, waume wao wamepotea siku moja, na hofu yao ni moja. Mmoja anaugua, mmoja hajaugua. Atija anakaa na nani?"

Bibi Mwanaamina alifikiri. "Dada zake wawili. Walifika langoni pamoja, saa ile ile. Wakapewa namba zinazofuatana."

"Unaona? Jini gani hili, linalopita nyumba yenye ndugu likaingia kwa mpweke? Linalompita mwenye kazi likamkamata asiye na kazi? Jini gani linauliza kwanza kama mtu ameshiba?"

Bibi Mwanaamina aliinua kawa kutoka kwenye vile vitu vinne.

"Bado kawa," alisema. "Hili nalijua. Ni la mke wa mwenye duka. Yule anashiba. Mume wake yupo. Mbona naye yumo?"

"Vizuri umeuliza. Ugonjwa huu unaweza kumpata yeyote, hata mwenye duka. Wengine wamezaliwa wepesi wa kuupata, kama wengine walivyo wepesi wa kupata kikohozi. Lakini yapo mambo yanayouongeza. Njaa inaongeza. Kufiwa, kuachwa na kuhamishwa kwa nguvu kunaongeza. Vita ndiyo usiseme. Wanawake wamo wengi kwenye kapu langu, na si kwa sababu ni dhaifu. Wanalea, wanatwanga, wanangoja, na hakuna anayewauliza, wewe umelalaje? Wanaume nao wamo. Ila mwanaume hasemi nina huzuni. Anasema mgongo. Au anakunywa."

"Kumbe Rajabo hana kiburi."

"Huenda anacho pia," Palmira alisema. "Lakini anaumwa."

Bibi Mwanaamina akakunja mikono mapajani. "Haya, mimi nimekosea wapi? Kazi zote nimemtolea. Wageni nimewazuia. Nimemhurumia kama mwanangu wa kumzaa."

"Najua, mtani. Kazi zilipokuwa nyingi mno zilimuumiza, hapo uliona vizuri. Lakini ukamtolea zote. Ukamtolea na watu. Sasa anajiona hana faida kwa mtu yeyote. Na Abacar akimtolea mtoto, atabaki na nini?"

Bibi Mwanaamina alinyoosha mkono auchukue upawa. Palmira akaukamata haraka.

"Huu haurudi kwa mkono wako. Mwenyewe aje anitukane."

*

Palmira alianza kwenda nyumba ya kumi na tisa kila siku. Hakumwambia Mwanvua "jikaze", wala hakumwambia "wenzako wana shida kuliko wewe". Maneno hayo hayamsaidii mgonjwa, yanamfunga mdomo. Alikaa tu chini akimenya muhogo wake na kulalamika juu ya askari wa zamu, ambaye hesabu ilimshinda kila ikifika ishirini.

Siku ya nne Mwanvua alizungumza mwenyewe.

"Dada Palmira, mimi si mke, si mjane. Sijui nivae nini. Nikilia, namlilia mtu aliye hai. Nikicheka, labda nacheka juu ya kaburi lake."

Palmira aliweka kisu chini. "Na mwili?"

"Mzito. Nikisimama naona giza. Mawazo yananijia kichwani yale yale, yanazunguka. Biubwa ananiita, namsikia kama yuko mbali. Shemeji anataka kumchukua. Nasema labda ni sawa. Mama gani mimi?"

"Nitakuuliza neno gumu. Tulifundishwa tuulize, maana kuuliza hakumwingizii mtu wazo baya. Umewahi kufikiri kujidhuru?"

Mwanvua akatikisa kichwa. "Hapana. Nimechoka tu. Na nina Biubwa."

"Likija wazo hilo, hata usiku, mwite mama mkwe au niite mimi. Usikae nalo peke yako. Na sisi hatutakuacha peke yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Huu ni ugonjwa, dada yangu. Si uvivu, si aibu, na si kwamba humpendi mtoto. Watu wengi wanaupata na wengi wanapona. Lakini haupoi haraka kama jeraha la kidole. Unapoa taratibu."

Mwanvua alilia sana siku ile. Palmira hakumnyamazisha. Bibi Mwanaamina alitaka kuingia kumfariji, Palmira akamwonyesha ishara kwamba amwache. Baadaye, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, Mwanvua aliomba uji.

Siku iliyofuata walikwenda posto wote watatu, na safari hii Palmira ndiye aliyesema. Alimweleza Enfermeiro Cosme kwa Kireno kwamba mgonjwa halali, hali chakula, anatetemeka na amekata tamaa kwa miezi minne sasa. Cosme aliweka kalamu chini.

"Mbona hamkusema hivyo mwanzo?" aliuliza. "Mimi nilisikiliza moyo!"

"Tulikupa neno moja, senhor Cosme. Leo tumekuletea yaliyobaki."

Cosme alimtazama Mwanvua macho na kucha. Akaona damu imepungua, ndiyo sababu nyingine ya ule uzito na lile giza. Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia ale kisamvu na samaki kila apatapo. Akamtaka arudi kila baada ya wiki mbili. Akasema ugonjwa ukizidi, atamwandikia barua kwa daktari. Na akampa Palmira neno, naye akalirudia kwa Kiswahili njiani: "Dawa yangu ni nusu. Nusu nyingine iko kijijini kwenu."

*

Nusu ile ya kijijini ilianza na kinu. Bibi Mwanaamina alimrudishia Mwanvua mchi, lakini si mzigo wote. Walitwanga makopa ya muhogo pamoja, vikombe viwili tu, kisha wakapumzika. Kesho vikombe viwili tena. Keshokutwa Mwanvua akakataa kuamka. Bibi Mwanaamina akakimbilia kwa Palmira akisema yote yameharibika.

"Hayajaharibika," Palmira alisema. "Siku mbaya zitakuwapo. Muulize kama atakula, kaa naye, kesho jaribuni tena."

Wakajaribu tena.

Halafu Palmira akamleta Atija kutoka namba hamsini na mbili. Atija alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mwanvua, makumbi yako yanaoza!"

Msomaji wa bara huenda hajui. Makumbi ni maganda ya nazi. Wanawake wa pwani ile huyafukia kwenye matope ya pwani kwa miezi mingi mpaka yalainike. Kisha huyafukua, huyapiga kwa rungu, hupata nyuzi za usumba na kusokota kamba. Kila mwanamke ana shimo lake na alama yake. Mwanvua alifukia ya kwake kabla ya kuhamishwa, na alama yake ilikuwa kijiti chenye kipande cha kapulana nyekundu.

"Yapo bado?" Mwanvua aliuliza. Alikuwa ameamini kwamba kila kitu chake kimekwenda.

"Yapo. Kijiti kipo. Nimekiona jana nilipokwenda kufukua ya kwangu."

Walitoka na kundi la asubuhi. Mwanvua alitembea polepole, akapumzika mara tatu. Alipoona kile kitambaa chekundu kimesimama matopeni, alikaa chini akakitazama. Kisha akakunja nguo, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Makumbi yalikuwa yameiva. Yalinuka vibaya kweli kweli.

"Mama yangu!" alisema akiziba pua. Atija akacheka. Mwanvua hakucheka, ila midomo yake ilicheza kidogo. Tangu siku ile, siku ambazo aliweza, walikaa safu wakayapiga. Marungu yalikwenda kwa mpigo mmoja na mtu mmoja alianzisha wimbo. Mwanvua alipiga bila kuimba. Baada ya wiki aliitikia.

Palmira hakusahau vitu vingine vya kapu lake. Chamima aliingizwa katika safu ya makumbi, na wanawake wakapanga zamu ya kuwatazama watoto wake watano ili apate kulala mchana. Mke wa mwenye duka alitafutiwa shoga wa kumsikiliza. Kwa Rajabo likapatikana jambo la ajabu. Nyumba yake ilikuwa namba kumi na nane, karibu na Mwanvua. Jirani na Atija, kule mstari wa mwisho, waliishi wanaume watatu wanaoshona nyavu za uvuvi wa miguu, wa kutembea majini bila mtumbwi, ambao Wareno hawakuuzuia. Basi wakamwendea askari, wakaomba nyumba hizo mbili zibadilishane.

"Namba haziwezi kubadilishwa!" askari alisema.

"Namba zibaki, senhor," alijibu Palmira. "Watahama watu."

Askari alifikiri, akaona karatasi yake haitachafuka, akakubali. Atija akahamia kumi na nane, na dada zake wakawa wanakuja kila siku. Rajabo akaenda hamsini na mbili. Uraka haukuisha siku moja, lakini wenzake walimdai nyavu, na mtu anayedaiwa nyavu hana budi kuamka asubuhi. Siku moja alimfokea Palmira, "Rudisha sindano yangu, mla panya!" Palmira aliirudisha akicheka.

Kapuni vilibaki vitu vitatu, kisha viwili. Upawa ulikuwa bado umo. Mwanvua alilala sasa usiku mwingi. Alikula. Biubwa alipomletea unyoya, aliuchomeka nyweleni. Ndege zilipopita bado alitetemeka, lakini alitetemeka akiwa amemshika Atija mkono. Ila ulimi wake ulikuwa bado umelala. Palmira alimtukana kila asubuhi kwa uaminifu, na kila asubuhi Mwanvua alitabasamu tu.

*

Mwezi ukaisha, zikazidi siku kumi. Abacar akaja na guia mkononi.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa kimya. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa pembeni. Mwanvua hayupo. Bibi Mwanaamina alikuwa barazani peke yake, anajaribu kugawa mchuzi kwa kikombe na kujimwagia mkononi.

"Mama, mgonjwa yuko wapi?" Abacar aliuliza kwa hofu. "Na mtoto?"

"Ametoka naye sasa hivi. Hakuniambia anakwenda wapi."

"Na wewe umemwacha atoke hivi hivi? Katika hali ile?"

Bibi Mwanaamina akafungua mdomo ajibu, akakatizwa. Sauti ilitoka mistari miwili mbele. Ilikuwa sauti kali, ya juu, yenye kujisikia. Bibi Mwanaamina hakuwa ameisikia kwa nusu mwaka.

"Wewe Palmira! Toka nje, mla panya! Mwezi mzima una upawa wetu, na mchuzi wako bado maji matupu! Uliuchukua wa nini? Kujikunia mgongo? Lete upawa wetu, mama mkwe wangu anaungua vidole!"

Mstari mzima ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake walitoka majumbani. Chamima alikimbia na mtoto mgongoni. Rajabo alisimama kwenye kiti ili aone. Hata askari wa zamu alitoka langoni kuuliza kama ni uasi.

Palmira alitoka nje na upawa mkononi. Alijaribu kununa, akashindwa.

"Ongeza!" alisema. "Moja halitoshi. Nimekutukana siku arobaini, unanijibu siku moja?"

"Nitakulipa, usijali. Leo nimeanza na mchuzi, kesho nitakuja kwenye mwendo!"

Palmira alimkumbatia papo hapo, na wote wawili walikuwa wanalia na kucheka. Biubwa akaudaka upawa, akaondoka nao mbio akifukuza kuku.

Mwanvua aliporudi nyumbani pamoja na Palmira, Abacar alimwona vizuri. Uso wake ulikuwa mweupe kwa msiro mpya, ingawa machozi yalikuwa yamechora mistari miwili juu yake.

"Karibu, shemeji," Mwanvua alisema. Kisha akaiona guia mkononi mwa Abacar, na sauti ikashuka. "Umekuja kumchukua?"

Abacar aliitazama guia, akamtazama Biubwa aliyekuwa anampiga kuku kwa upawa.

"Nimeisotea siku tatu," alisema. "Lakini naona nimekosea mlango. Nilikuwa namtafuta mtoto asiye na mama."

Bibi Mwanaamina akasema kwa niaba ya mkwewe. Alimweleza Abacar yote, habari za kapu la Palmira, na moyo uliosikilizwa na mashine, na mchi alioutoa kwa huruma. Hakuficha kosa lake hata moja.

"Saburi hajarudi," alimalizia. "Vita havijaisha. Hayo hatuyawezi. Lakini mtu kukaa peke yake na ukuta, hilo tunaliweza."

Mchuzi ulikuwa umepoa. Kuni zilikuwa mbichi na moto haukukubali. Mwanvua alipuliza mpaka macho yakamwasha. Halafu akanyoosha mkono kwa shemeji yake.

"Nipe hiyo karatasi."

Abacar akampa. Mwanvua aliichana vipande viwili, akaisukuma chini ya kuni, na moto ukashika. Kisha akamwita Biubwa alete upawa, akauosha, akamgawia kila mtu mchuzi wake, na wa mtani wake Palmira akautilia maji zaidi, ufanane na ule anaoupika kwake.